Eropleni Zilizojaribiwa Rufiji na Mzigo wa Watu wa Kariakoo

Maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wazee, walimu na wasomaji, mtaa wa Kariakoo, Dar es Salaam



Nimeombwa kueleza habari za kazi ambayo watu wengi hawaijui, nayo ni kazi ya kujaribu eropleni za vita. Mtu akiona eropleni ikipita juu ya paa za nyumba hudhani kwamba fundi akishaiunda, hupewa rubani nayo ikaenda kazini siku ile ile. Sivyo. Baina ya fundi anayeiunda na askari anayeitumia yupo mtu wa tatu, naye ndiye mjaribu. Kazi yake ni kuuliza, na kila jibu kuliandika katika kitabu. Chombo hiki kikiwa kitupu kina uzito gani? Kikibeba petroli, watu wawili na makombora, kinahitaji uwanja wa urefu gani kabla ya kuruka? Kinatumia dakika ngapi kupanda futi 1,000? Injini yake inapata moto kiasi gani? Kikigeuzwa ghafula, kinarudi sawa au kinaanguka? Mjaribu hatakiwi kukisifu chombo wala kukichukia. Anatakiwa kusema kweli juu yake, hata kama kweli hiyo itamwudhi fundi.

Huko Uingereza kazi hiyo ilipata watu wake maalumu mwaka 1914, katika shule kuu ya urubani iliyokuwa Upavon. Mwezi wa Januari 1917 kikosi hicho cha majaribio kikahamia Martlesham Heath, karibu na pwani ya mashariki ya nchi ile, na katika Septemba 1939, vita ya pili ilipoanza, kikahamishiwa Boscombe Down. Mwaka 1943 ikaanzishwa hapo shule ya kuwafundisha marubani wajaribu, maana ilionekana kwamba rubani hodari si lazima awe mjaribu mzuri. Hodari huokoa chombo kibovu kwa ustadi wake, akarudi akinyamaza. Mjaribu hurudi akasema: chombo hiki kina kasoro, na kasoro yenyewe ni hii.

Pengine mtauliza, habari hizo za Ulaya zatuhusu nini sisi wa Kariakoo? Zatuhusu sana. Eropleni za kwanza za vita zilizoletwa katika pwani yetu hazikuwa zimejaribiwa kwa nchi kama hii. Zilijaribiwa hapa hapa, katikati ya vita, juu ya midomo ya mto Rufiji na katika visiwa vya Mafia. Tena jina la mtaa huu wetu lilitokana na watu waliobeba mizigo ya vita ile ile. Nitaeleza mambo yote mawili, kisha mtaona jinsi yanavyoungana.

Eropleni ya kwanza kuonekana hapa Dar es Salaam haikuletwa kwa vita. Ililetwa mwaka 1914 na Mdachi mmoja, Bruno Büchner, rubani wa maonyesho, aliyekuwa amekwisha kuirusha katika nchi ya Wadachi ya Kusini-Magharibi mwa Afrika. Alitaka kuwaonyesha watu wa mji huu ajabu ya kuruka. Mara vita ikaanza, na eropleni yake ikachukuliwa na jeshi. Büchner alijeruhiwa kwa risasi za Waingereza alipokuwa akiruka pwani. Baadaye afisa mwingine alirushwa na chombo hicho hicho hapa Dar es Salaam, kikaanguka, naye akafa. Hivyo ndivyo jaribio la kwanza la eropleni ya vita katika mji huu lilivyokwisha.

Sasa tuwaangalie Waingereza. Manowari ya Wadachi iliyoitwa Königsberg ilifika Dar es Salaam katika Juni 1914. Tarehe 20 Septemba mwaka huo iliingia Unguja alfajiri ikaizamisha manowari ya Kiingereza iliyoitwa Pegasus. Kisha ikakosa makaa, na injini zake zikawa zinahitaji kutengenezwa, ikajificha ndani ya midomo ya Rufiji. Ninyi mliokwenda Rufiji mwajua mahali pale palivyo: mikoko mirefu, vijito vinavyopindapinda, maji yanayojaa na kupwa. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia, wala mtu aliyekuwa baharini hakuweza kuiona ilipo. Palihitajiwa jicho la kutazama kutoka juu.

Basi katika Novemba 1914 akaletwa kutoka Afrika ya Kusini rubani mmoja wa kiraia, jina lake Cutler, aliyefanywa afisa wa jeshi la maji kwa haraka. Alikuja na eropleni ya kuelea majini iliyotengenezwa na Curtiss wa Marekani. Kituo chake kilikuwa kisiwa kidogo cha Nyororo, karibu na Mafia. Alifaulu kuiona Königsberg kati ya mikoko. Lakini chombo chake hakikuzoea kazi ya namna hii. Rejeta iliharibika, na hapakuwa na nyingine, ikabidi manowari iende mpaka Mombasa kutafuta rejeta ya motakaa ya Ford, nayo ndiyo iliyofungwa. Hebu fikirini, wazee wangu: jeshi la maji lenye nguvu kuliko yote duniani wakati ule linasafiri kutafuta kipande cha motakaa ili chombo chake kipate kuruka. Katika Desemba eropleni ile ilishuka Rufiji, na Cutler akatekwa.

Katika Februari 1915 zikaletwa eropleni mbili za majini zilizotengenezwa na Sopwith, pamoja na rubani mkuu aliyeitwa John Cull. Hizi zilikuwa za serikali, zenye injini ya nguvu za farasi 100, na watu walizitumaini sana. Zilipowekwa majini penye jua la Nyororo, zilikataa. Zikibeba watu wawili na makombora hazikuondoka majini kabisa. Rubani akiwa peke yake, na petroli kidogo, ziliruka kwa shida. Sherizi iliyoshika mbao ikalegea kwa joto na unyevu, na rafadha za mti zikapasuka. Chombo kilichoonekana kizuri Uingereza hakikufaa kitu hapa.

Kwa nini? Naomba walimu walishike jambo hili ili wawaeleze watoto. Bawa la eropleni hubebwa na hewa, kama mtumbwi unavyobebwa na maji. Hewa ikipata joto hutanuka, ikawa nyepesi. Hewa ya nyuzi 30 za joto ni nyepesi kuliko hewa ya nyuzi 15 kwa karibu sehemu 1 katika 20. Mvuke wa bahari ukichanganyika nayo hupungua uzito zaidi. Basi bawa hupata hewa haba ya kulibeba. Injini nayo hula hewa pamoja na petroli, na hewa ikiwa nyepesi nguvu ya injini hupungua. Rafadha vile vile hushika hewa kidogo. Kwa hiyo hasara moja huwa hasara tatu kwa wakati mmoja. Na juu ya hayo, eropleni ya majini hushikwa na maji yenyewe. Bahari ikiwa shwari kabisa kama kioo, maji hung'ang'ania vielea vya chombo, na ni vigumu kubanduka. Kwa hiyo siku nzuri ya kutazama ndiyo iliyokuwa siku mbaya ya kuruka.

Hapana mtu aliyekuwa mjinga katika jambo hili. Mafundi walitengeneza chombo kwa hewa waliyoivuta wao. Kosa lilikuwa kudhani kwamba kilichofaulu kwao kitafaulu kila mahali.

Katika Aprili 1915 zikaja eropleni tatu za Short, zilizokwisha kutumika sana. Nazo hazikupanda juu vya kutosha, lakini kwa hizo Cull aliweza kupata picha za Königsberg mahali ilipojificha. Katika Juni zikaletwa za namna nyingine, Henri Farman mbili na Caudron mbili, zenye magurudumu badala ya vielea. Uwanja ukafyekwa kisiwani Mafia, kisiwa ambacho Waingereza walikuwa wamekiteka katika Januari. Hapo ndipo mafundi na marubani walipojua kwamba kutoka nchi kavu, kwa chombo chepesi, kazi inawezekana. Zilifika pia manowari mbili zinazoweza kwenda katika maji machache, Severn na Mersey.

Tarehe 6 Julai 1915 manowari hizo mbili ziliingia mtoni zikapiga makombora zaidi ya 600, na yaliyoipata Königsberg yakawa machache tu. Sababu ilikuwa nini? Zote mbili zilipiga kwa pamoja, na aliyekuwa juu katika eropleni hakuweza kujua kombora lililoanguka ni la nani, kwa hiyo hakuweza kumwambia nani asogeze mzinga wake. Wakarudi, wakalipima jambo hilo, wakabadili. Tarehe 11 Julai ilipiga manowari moja kwa wakati mmoja. Cull alikuwa juu pamoja na mtazamaji wake, Arnold, ambaye alipeleka habari kwa simu ya upepo. Injini yao ikapigwa na risasi. Eropleni ilipokuwa ikishuka bila injini, Arnold aliendelea kupeleka masahihisho mpaka walipoanguka mtoni, wakaokolewa na watu wa Mersey. Siku hiyo Königsberg iliharibiwa.

Tangu Novemba mpaka Julai ni miezi minane. Katika miezi hiyo minane zilijaribiwa namna tano za eropleni. Kila iliyoshindwa iliandikiwa kushindwa kwake, na iliyofuata ikachaguliwa kwa kutazama aibu ya iliyotangulia. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini naongeza kwamba mhunzi asiyetazama koleo lilivunjika mahali gani atavunja na la pili.

Sasa nageuka upande wa watu. Wadachi hawakuiacha mizinga ya Königsberg. Waliitoa yote 10, ikavutwa kwa nguvu za watu kutoka Rufiji mpaka Dar es Salaam, na hapa katika karakana ikatengenezewa magurudumu ili itumike vitani nchi kavu. Mzinga wa manowari ni chuma kizito mno, na njia ilikuwa mchanga, matope na msitu. Jina la aliyeivuta mizinga hiyo halikuandikwa juu ya chuma chake.

Upande wa Waingereza kikaja kikosi cha 26 cha jeshi la eropleni, ambacho wengi wa watu wake walitoka Afrika ya Kusini. Kiliundwa katika Oktoba 1915, kikashuka Mombasa mwishoni mwa Januari 1916, kikaanza kazi Mbuyuni, si mbali na Kilimanjaro. Kikafuata jeshi kuelekea kusini. Hicho nacho kilijaribiwa na nchi: marubani waliugua homa, mbao zilipinda kwa jua, na eropleni zilizoshuka porini zilikuwa taabu kuzitafuta. Lakini eropleni hailishwi kwa hewa. Inakula petroli na mafuta, inahitaji makombora, vipuli na turubai. Reli ilipokwisha, na barabara ya motakaa ilipogeuka matope, na ng'ombe na farasi walipokufa kwa ndorobo, mzigo wote wa jeshi ulibaki juu ya kichwa cha mtu. Debe moja la petroli lilikuwa na galoni 4. Lilibebwa kama lilivyobebwa gunia la unga na sanduku la risasi.

Waingereza waliingia Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916. Hapa palikuwa na jengo la soko lililojengwa na Wadachi, ambalo lilikuwa halijaanza kutumika kama soko vita ilipozuka. Waingereza wakalifanya makao ya kikosi cha wapagazi, kilichoitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukalichukua jina hilo, ukalilainisha, likawa Kariakoo. Baada ya vita jengo likawa soko kweli. Soko lile la kale lilibomolewa, na mahali pake likajengwa jipya kwa mchoro wa Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975. Lakini jina halikubomolewa. Kila anayesema anakwenda Kariakoo kununua nazi au kitambaa anataja, bila kujua, watu waliolala hapa wakingoja mizigo.

Watu hao walijaribiwa na nani kabla ya kupelekwa? Hapo ndipo shina la mazungumzo yangu lilipo. Walichukuliwa kwa mamia ya maelfu kutoka nchi nyingi. Mtu wa ndizi alipewa unga wa mahindi, na mtu wa baridi ya milimani alipelekwa katika joto la mabondeni. Unga wenyewe haukuiva, maana baada ya kutembea mchana kutwa na mzigo, kuni zikiwa zimelowa na sufuria ni haba, nani atasubiri ugali uive? Tumbo halikuweza. Waliuawa na kuhara damu, kichomi na homa kuliko risasi. Hesabu za Waingereza wenyewe zilikiri wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa, na wengi walioichunguza habari hiyo huona kwamba hesabu ya kweli ilizidi hapo. Upande wa Wadachi hakuna hesabu kamili.

Linganisheni, wazee wangu. Rafadha ya Sopwith ilipopasuka, afisa aliandika ilipasuka siku gani na kwa sababu gani, na barua ikavuka bahari. Tumbo la mpagazi lilipopasuka, ilichukua muda mrefu kabla ya mtu kuuliza: je, chakula hiki kimejaribiwa kwa watu hawa? Oscar Watkins, aliyekuwa mkuu wa wapagazi wa Waingereza, alipigania chakula kipikwe vizuri, na mablanketi na matibabu yaongezwe. Mambo yakapata nafuu, lakini wengi walikuwa wamekwisha kuzikwa. Kujaribu kulifanyika baada ya kutumia, na bei yake ililipwa kwa roho za watu.

Mimi ni karani, na kazi yangu ni madaftari. Hujua ile mithali isemayo kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Ikiwa mali ni hivyo, mtu je? Baada ya vita mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia wenyewe wala jamaa zao, na hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba jamaa hawajulikani. Majina yaliandikwa vibaya, vijiji havikutajwa, na mtu mmoja aliandikwa kwa jina la utani. Kalamu iliyokuwa hodari juu ya injini ilikuwa mvivu juu ya mtu. Sanamu ya askari iliyowekwa katikati ya mji huu mwaka 1927 yaonyesha askari na bunduki yake. Wapagazi wanatajwa katika maandishi ya chini. Mnara wao mkubwa zaidi ni jina la soko hili.

Tangu siku zile wajaribu wa eropleni wamejifunza. Walitambua kwamba haitoshi kujaribu katika baridi ya Ulaya, wakaanza kupeleka vyombo vyao katika nchi za joto kabla ya kuviidhinisha. Khartoum ikawa mahali pa majaribio ya namna hiyo. Mwaka 1950 eropleni mpya ya abiria iliyoitwa Comet, isiyo na rafadha, ililetwa Khartoum na Nairobi kujaribiwa. Khartoum ina joto kali, na Nairobi iko juu ya futi 5,000, na katika kila moja hewa ni nyepesi kwa sababu yake. Fundi alijifunza kwenda kuuliza kwenye nchi yenyewe. Somo hilo lilianza kuandikwa Nyororo na Mafia, ingawa wachache wanapakumbuka.

Basi, ndugu zangu, nisiwachoshe. Sisi si waundaji wa eropleni. Lakini kila mwaka huletwa vitu vipya vijijini na mitaani mwetu: mbegu, dawa ya mifugo, pampu ya kisima, jiko, desturi ya ulimaji. Kila kimoja husifiwa na aliyekileta. Msikikatae kwa kuwa ni kigeni, maana Henri Farman nayo ilikuwa ngeni, nayo ilifaa. Wala msikikubali kwa kuwa kimesifiwa mbali, maana Sopwith ilisifiwa, nayo haikuondoka majini. Ulizeni swali moja: kimejaribiwa wapi? Ikiwa jibu ni mahali pasipo jua letu, udongo wetu na mvua yetu, basi tengeni robo ya shamba, si shamba zima, mkijaribu. Andikeni siku mliyopanda, mvua ilivyonyesha, mlichovuna. Mwenye kushindwa asione haya kusema, maana kushindwa kulikoandikwa ni akiba ya jirani.

Na kwa wale waliopewa mamlaka ya kuwatuma watu kazini, liwe shamba, liwe barabara, liwe machimbo, swali ni lile lile, tena zito zaidi. Kabla ya kumtuma mtu, jueni atakula nini, atalala wapi, na akiugua nani atamtibu. Jina lake, jina la baba yake na kijiji chake viandikwe kwa hati inayosomeka. Injini ikiharibika hupatikana nyingine hata kama ni ya motakaa. Mtu hana kipuli.